Wajibu wa Kutoa Taarifa na Amana ya Aliyetendewa: Uhakiki wa Kanuni za Vyuo Vikuu vya Marekani

Mwaka 1972 Bunge la Marekani lilitunga sheria ambayo kiini chake ni sentensi moja tu, inayokataza mtu kutengwa, kunyimwa manufaa au kubaguliwa kwa sababu ya jinsia yake katika elimu inayopata fedha za serikali kuu. Sheria hiyo hujulikana kwa jina la Sura ya Tisa. Haina neno lolote juu ya mhadhiri ambaye jioni moja mwanafunzi wake anabisha hodi, anaketi, na baada ya kimya kirefu anaanza kueleza jambo lililompata. Hata hivyo, kutokana na sentensi ile moja, mahakama na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo zimejenga kwa muda wa nusu karne jumba kubwa la kanuni, na chumba kimoja cha jumba hilo ndicho tunachotaka kukihakiki hapa. Ni kanuni inayomtaka mtumishi wa chuo kikuu, akisikia kwa mwanafunzi habari ya kubakwa, kushikwashikwa au kutakwa kimapenzi kwa vitisho, aifikishe habari hiyo pamoja na majina kwa ofisa maalumu aitwaye mratibu, awe mwanafunzi ameridhia au hakuridhia.

Msomaji aweza kuuliza mambo hayo yanatuhusu nini. Yanatuhusu kwa sababu mbili. Kwanza, kanuni hiyo inagusa swali ambalo ni la wito wetu tangu zamani: nani anaruhusiwa kutunza siri ya mtu, na kwa ajili ya nani. Pili, siku hizi vyuo vyetu navyo vina madawati ya jinsia na vinaandika miongozo, na mkono unaoandika mwongozo hupenda kunakili ule ulioandikwa kwingine. Afadhali tukisome kinachonakiliwa.

Tuanze na kuitendea haki kanuni yenyewe, maana haikuzaliwa na ukatili. Mwaka 1998 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua shauri la Gebser, la mwanafunzi wa shule ya sekondari huko Texas aliyekuwa akitumiwa kimwili na mwalimu wake. Kwa kura tano dhidi ya nne mahakama ilisema kwamba wenye shule hawatalipa fidia isipokuwa kiongozi mwenye mamlaka ya kurekebisha mambo alijua kwa hakika, naye akapuuza. Hebu tuipime hukumu hiyo kwa macho ya mtu anayeendesha taasisi. Asiyejua yuko salama kuliko anayejua. Mkuu wa shule mwenye hekima ya dunia hii atajifunza kutosikia, na walio chini yake watajifunza kutomwambia.

Dhidi ya hekima hiyo, Januari 2001 Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo ulioeleza nani ni mtumishi mwenye wajibu. Ulitaja watu wa namna tatu: yule mwenye mamlaka ya kuondoa uovu, yule aliyepewa kazi ya kufikisha habari kwa wakubwa, na yule ambaye mwanafunzi, kwa akili ya kawaida, angeweza kumdhania kuwa na mamlaka au kazi hiyo. Namna hii ya tatu inastahili kusifiwa. Mwongozo haukuuliza tu taasisi imempa mtumishi cheo gani. Uliuliza pia mwanafunzi anamwona nani anapomtazama. Kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, mlinzi wa bweni ni serikali. Akimweleza mlinzi huyo na jambo likaishia hapo, kwake yeye chuo kizima kimesikia na kimenyamaza.

Lakini katika wema huo huo ndipo kosa lilipoingia. Kwa kuwa karibu kila mtumishi aweza kudhaniwa kuwa na mamlaka, wanasheria wa vyuo waliona ni salama zaidi kuwaweka wote katika kundi moja. Barua ya Wizara ya Aprili 2011 ilivikaza vyuo, na maelezo ya Aprili 2014 yakavikaza zaidi, yakisema mtumishi mwenye wajibu hana budi kutaja majina. Mwaka 2018 watafiti Kathryn Holland, Lilia Cortina na Jennifer Freyd walichapisha uchunguzi wa kanuni za vyuo 150, wakaona kwamba karibu vyuo saba katika kila kumi vilikuwa vimewafanya watumishi wote kuwa watoa taarifa kwa lazima. Profesa wa hisabati, mkutubi, fundi wa maabara, wote. Tangu Januari 2020 jimbo la Texas limekwenda mbali zaidi: mtumishi wa chuo anayejua na asitoe taarifa hufukuzwa kazi, naye aweza kushitakiwa kwa kosa la jinai ambalo adhabu yake yafika kifungo cha siku 180.

Watetezi wa kanuni hii hutaja mara nyingi Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, nao wana haki ya kukitaja. Mwaka 2001 msaidizi kijana katika timu ya mpira alimwona Jerry Sandusky, kocha aliyekwisha kustaafu, akimtendea uovu mtoto wa kiume katika bafu la wachezaji. Kesho yake alimweleza kocha mkuu, Joe Paterno. Paterno aliwaeleza wakubwa wawili, na habari ikamfikia mkuu wa chuo. Ngazi zote zilipandwa, wala hapana aliyekwenda kwa mamlaka zinazolinda watoto. Sandusky alikamatwa Novemba 2011, miaka kumi baadaye, na mwaka 2012 alitiwa hatiani kwa makosa 45. Viongozi wale watatu wa chuo walitiwa hatiani mwaka 2017, wawili kwa kukiri wenyewe, kwa kuhatarisha ustawi wa watoto.

Hata hivyo tusome tena kisa hicho taratibu. Tatizo lake si kwamba msikilizaji wa chini alikaa na siri. Yule kijana alisema. Aliyekaa na habari ni mwenye madaraka. Aidha, aliyetendewa alikuwa mtoto, na kwa mtoto hakuna mjadala: hawezi kuachiwa mzigo wa kuamua peke yake kama dhuluma aliyotendewa ijulikane. Sheria za kuwalinda watoto zina msingi wake, nami sina neno juu yake. Lakini mwanafunzi wa chuo kikuu ni mtu mzima. Kuichukua kanuni ya mtoto na kumvika mwanamke wa miaka ishirini na miwili ni kumwambia kwamba, pamoja na mwili wake kutendewa bila ridhaa, hata simulizi lake sasa litatendewa vivyo hivyo.

Kisa cha Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan kinatia uchungu zaidi, nacho kinahojiwa kidogo mno na watetezi wa taarifa. Huko daktari Larry Nassar aliwadhulumu wasichana na wanawake kwa miaka mingi chini ya kisingizio cha tiba. Mwaka 2014 mhitimu mmoja alipeleka malalamiko rasmi. Taarifa ilifika, na ilifika mahali panapotakiwa hasa na kanuni. Ofisi ilichunguza, ikawauliza wataalamu wa chuo hicho hicho waliomfahamu mtuhumiwa, ikaamua kwamba alichotendewa mlalamikaji kilikuwa tiba halali. Nassar akarudi kazini. Hakuondolewa hadi Septemba 2016, baada ya Rachael Denhollander kusema hadharani kwa jina lake katika gazeti. Mwaka 2018 chuo kilikubali kulipa dola milioni 500, na mwaka 2019 Wizara ikakitoza faini ya dola milioni 4.5.

Kwa hiyo hatuna budi kuuliza kanuni hii inatibu ugonjwa gani. Kama ugonjwa ni wenye madaraka kupuuza wanachokijua, dawa haiwezi kuwa kumwajibisha mkutubi. Chuo chaweza kuwa na watoa taarifa elfu tano na ofisi moja isiyotaka kusikia, na kila mwaka kikaweka faili lililojaa kuthibitisha kwamba kilitii. Freyd, aliyekuwa profesa wa saikolojia katika Chuo Kikuu cha Oregon, ameandika kwa muda mrefu juu ya kile anachokiita usaliti wa taasisi, yaani jeraha la pili analopata mtu anapodhulumiwa mahali alipopategemea, kisha mahali hapo pakamgeuka. Nadhani ameona sawasawa. Mwanafunzi aliyekwenda kwa mwalimu mmoja, kwa sababu ni mwalimu yule na si mwingine, kisha siku ya tatu akapokea barua ya ofisi asiyoijua ikimwita kwa jina lake, hatabisha hodi tena popote. Wenzake wa bwenini nao watajifunza kwa kumtazama.

Chuo hicho cha Oregon kilijaribu njia nyingine mwaka 2017. Kiliwagawa watumishi wake katika makundi matatu. Wenye vyeo na mamlaka walibaki na wajibu mzito wa kutoa taarifa. Washauri nasaha na wengine wachache waliachwa watunze siri. Waliobaki, ambao ni sehemu kubwa ya walimu, waliwekwa chini ya uongozi wa mwanafunzi mwenyewe: walipaswa kumweleza msaada uko wapi na mlango wa malalamiko uko wapi, na kupeleka taarifa kama yeye ametaka. Walimu hawakuachwa wafanye wapendavyo. Kumwacha mwanafunzi aondoke bila kujua pa kwenda kulikuwa ni kuvunja kanuni.

Kanuni za serikali kuu zimeyumba huku na huku. Zile zilizoanza kutumika Agosti 2020 zinasema kwamba chuo kikuu kinahesabiwa kuwa kimejua pale tu mratibu, au ofisa mwenye mamlaka ya kurekebisha, anapojulishwa. Vyuo vikawa huru kuamua juu ya watumishi wengine. Zile za Agosti 2024 ziliurudisha wajibu kwa walimu na washauri wa masomo. Januari 2025 mahakama moja huko Kentucky ilizifuta, na zile za 2020 zikarudi. Vyuo vingi havikubadilika sana katika mabadiliko hayo yote, kwa kuwa ni rahisi kuongeza wajibu wa mwalimu kuliko kuupunguza.

Sasa tugeukie Maandiko, maana nimesikia kanuni hii ikitetewa kwa Mambo ya Walawi 5:1, andiko linalomhesabia hatia mtu ajuaye jambo na asiseme. Andiko hilo lisomwe kwa ukamilifu wake. Linamzungumzia shahidi aliyesikia sauti ya kuapisha, yaani mkutano umekwisha kuita, dhuluma imekwisha kutangazwa, na mwenye kujua anajificha. Hatia yake ni kumnyima aliyedhulumiwa ushahidi anaoungoja. Halimzungumzii mtu ambaye aliyedhulumiwa amemwendea kwa siri, akitafuta mahali pa kulia. Kuligeuza andiko la kumsaidia mdai liwe andiko la kumpokonya neno lake ni kulisoma kinyumenyume.

Andiko linalotufaa zaidi, na ambalo wahubiri wetu hulikwepa, ni 2 Samweli 13. Tamari hakunyamaza. Alimkataa Amnoni kwa hoja, na alipotupwa nje alijitia majivu, akararua vazi lake, akaenda akilia mbele ya watu. Taarifa kubwa kuliko hiyo haipo. Aliyemnyamazisha ni Absalomu, ndugu yake aliyempenda, aliyemwambia asilitie jambo hilo moyoni. Mfalme Daudi alisikia yote, akakasirika sana, na mwandishi wa kitabu hana tendo lingine la kutueleza juu yake. Baada ya miaka miwili Absalomu anamwua Amnoni, na kuanzia hapo kitabu chaendelea na vita vya wanaume. Tamari amebaki katika nyumba ya nduguye, ukiwa. Hapana aliyemwuliza anataka nini: Daudi aliyekuwa na mamlaka hakumwuliza, wala Absalomu aliyekuwa na upendo. Ninaposoma miongozo ya vyuo juu ya taarifa, nawaona wote wawili humo. Yupo mkuu anayesikia na kukasirika, na yupo mpendwa anayelichukua jambo la mwenziwe kuwa lake.

Hapa ndipo linapoingia swali la mchungaji. Katika Marekani, Sheria ya Clery ya mwaka 1990, inayovitaka vyuo kutangaza takwimu za uhalifu, inamtoa mshauri wa kichungaji katika wajibu wa kutoa taarifa. Lakini kanuni zake zinamfafanua kwa uangalifu: awe anatambuliwa na dhehebu lake kwa kazi ya ushauri wa siri, na awe anafanya kazi hiyo ndani ya mipaka ya utambulisho huo. Maana yake ni kwamba daraja takatifu peke yake halitoshi. Mchungaji anayefundisha Agano la Kale, akiambiwa jambo baada ya kipindi, ni mhadhiri kama wahadhiri wengine. Ndugu zetu wengi wamelalamika kwamba serikali imeingia patakatifu. Mimi naona serikali imeuliza swali ambalo sisi wenyewe tulipaswa kuuliza: saa hii, mbele ya mtu huyu, wewe ni nani?

Tena tuseme wazi jambo ambalo katika mafunzo ya uchungaji huvurugwa. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 11, linataka ondoleo la binafsi lidumishwe katika makanisa. Siri ya maungamo inamlinda mwenye dhambi anayetubu, ili aweze kusema bila hofu na kusikia neno la msamaha. Mwanamke aliyebakwa anapozungumza na mchungaji haungami. Hana dhambi anayoileta. Analeta dhambi aliyotendewa. Mchungaji anayemsikiliza kisha akasema kwamba amefungwa na siri ya maungamo amemweka, bila kukusudia, katika kiti cha mkosaji, na mara nyingi siri hiyo humlinda mtu ambaye hakuja kuungama kabisa.

Siri yake ni ya namna nyingine, na lugha yetu ina neno linaloifaa: ni amana. Mwenye kuwekewa amana hawezi kuitumia, hawezi kuigawa kwa wengine hata kwa nia njema, wala hawezi kuifukia akasema haipo. Huitunza kwa ajili ya mwenyewe, na mwenyewe akiitaka hutolewa. Katiba ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri katika Marekani inaelekea huko huko inapomkataza mchungaji kufichua aliyoambiwa katika uangalizi wa roho isipokuwa kwa idhini ya aliyeyasema, au pale ambapo mtu huyo anakusudia kujidhuru vibaya au kuwadhuru wengine. Ufunguo unashikwa na msemaji. Ndiyo maana sikubaliani na kanuni ya taarifa kwa wote, na kwa sababu hiyo hiyo sikubaliani na mchungaji anayeipinga akidhani ufunguo anaushika yeye.

Kanuni nzuri, kwa maoni yangu, ingemlaza macho mwenye madaraka: mkuu wa chuo, mkuu wa kitivo, mshauri wa wanafunzi, kila anayeweza kumwondoa mtu darasani au kazini. Huyo akijua, anyimwe nafasi ya kusema hakujua. Kwa watumishi wengine ingedai ukweli kabla ya habari, yaani kumwambia mwanafunzi mapema, kabla hajafungua kinywa, yale ambayo huwezi kuyatunza. Hata maelezo yale makali ya mwaka 2014 yalimtaka mtumishi ajitahidi kumwonya mwanafunzi mapema. Katika utendaji ni jambo gumu, kwa sababu mtu anayelia hangoji usome kanuni. Lakini laweza kufanywa kwa sentensi mbili, na mwalimu aweza kuzizoeza kama anavyozoeza baraka ya kufunga ibada.

Mtu atauliza, na ni haki yake: vipi kuhusu atakayefuata? Aliyedhulumu mmoja hudhulumu wa pili, na amana uliyoitunza kwa uaminifu ndiyo iliyomwacha yule wa pili bila kinga. Hoja hii sina jibu lake la vitabuni. Nina jambo lililonipata.

Hapa kwetu Tanzania Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inalitaja kosa hilo kwa jina lake katika kifungu cha 25: mwenye mamlaka anayemtaka mtu kimwili kama sharti la kumpa haki yake au upendeleo. Kifungu cha 39 kinamtaka kila anayejua kosa chini ya sheria hiyo atoe habari. Vifungu hivyo nilivisoma baadaye. Wakati ninaousimulia nilikuwa mchungaji wa wanafunzi katika chuo kimoja, nikifundisha pia vipindi vinne kwa juma na kuketi katika kikao cha mitihani. Jioni moja alikuja mwanafunzi wa mwaka wa pili. Aliniamkia, akasema, “Baba Mchungaji, nina neno, lakini uniahidi kwanza kwamba hutamwambia mtu.” Nikaahidi. Sikuwa nimesikia hata neno moja, nami nikaahidi, kwa sababu nilidhani ndiyo kazi yangu. Alinieleza juu ya mhadhiri aliyezuia alama zake na masharti aliyompa. Tuliomba pamoja. Nilimwelekeza kwa mama mmoja mshauri pale mjini, akaenda mara mbili.

Ahadi niliitunza. Niliketi na mhadhiri yule katika kikao cha mitihani mihula mitatu, nikimpitishia karatasi. Nilijiona mwaminifu, hata nikaona fahari kidogo, Mungu anisamehe.

Baada ya mwaka mmoja na nusu alikuja mwanafunzi mwingine. Jina alilolitaja lilikuwa lile lile.

Huyu wa pili nilimwambia, kabla hajaendelea, kwamba mambo mengine siwezi kukaa nayo bila kutafuta msaada, lakini sitafanya lolote bila yeye kujua. Alifikiri kidogo, akaendelea. Majuma mawili baadaye nilipanda basi kwenda kumtafuta yule wa kwanza, aliyekuwa amekwisha kuhitimu na kufundisha shule ya msingi wilayani. Nilimkuta nyumbani kwa shangazi yake. Nilimweleza, bila kumtaja mwenziwe, kwamba hakuwa peke yake, nikamwuliza kama bado anataka nikae kimya.

Alinitazama kwa muda. “Baba Mchungaji,” akasema, “mimi nilikuomba usiseme siku ile. Hukuniuliza tena.”

Akaenda kuleta chai. Barua yake iliyoandikwa kwa mkono ilimfikia mkuu wa chuo mwezi uliofuata, ikiwa pamoja na ya yule wa pili, na yangu chini yake.